Uzi wa Kupimia Mkono

Bangili ya mama huingia kwa sabuni,
hutoka kwa sabuni.
Shaaban hii, maharusi wakinipangia foleni
pale Kibokoni, juu ya duka la vitambaa,
iliingia alfajiri,
jioni ikakataa kutoka.

Mkono wa kulia. Huu unaonilisha.
Mzito kama ndoo iliyosahauliwa chini ya mfereji:
imejaa, yamwagika, na hakuna wa kufunga.
Ngozi imevutika, yang'aa. Kucha rangi ya zambarau.
Na begani, chini ya kanga, mishipa imechomoza
kama vijia watu walivyojikatia wenyewe
baada ya barabara kufungwa.

Kila mtu alikuwa na jina lake.
Bi Rukiya wa chini akasema tende,
akanihesabia mbu wa utotoni mwangu, Mtongwe.
Shangazi akasema jicho: nani alousifu mkono wako?
Mteja mmoja, kichwa kimesukwa nusu,
akasema chumvi, punguza achari.
Nami nikasema uchovu,
kwa kuwa uchovu hauna gharama.
Usiku niliulaza juu ya mito miwili, ukapungua.
Asubuhi nikainua mikono kuanza utosi wa mtu,
ukajaa.
Sikuunganisha.
Cha kila siku hakitazamwi.

Sonara Jayantilal hakusema jina lolote.
Alitia kipande cha ngozi kati ya dhahabu na mimi,
akashika msumeno mwembamba kama unywele,
akakata. Sauti yake niliisikia menoni.
Akaiweka mizanini, kwa mazoea tu,
akaona haya, akanirudishia.
"Bangili haijapungua, mama. Nenda Makadara.
Leo, si kesho."

Daktari Mwakio, kijana, kalamu imemvujia mfukoni,
hakuanza na mkono. Alianza na shingo.
"Wafanya kazi gani?"
Nikainua mikono nimwonyeshe.
"Kaa hivyo hivyo."
Akatazama saa. Dakika ya pili haijatimia,
vidole vimekufa ganzi, kiganja kimegeuka rangi.
Akanipaka jeli baridi kama uji wa jana
chini ya mtulinga, akasukumasukuma kijidude,
na kwenye kioo ikanyesha mvua ya kijivu.

"Damu yako haikosi njia ya kwenda," akasema.
"Yakosa njia ya kurudi."
Akaleta vidole viwili karibu:
huu mtulinga, huu ubavu wa kwanza,
katikati kichochoro.

Nakijua, nikamwambia. Nyuma ya nyumba yetu kipo.
Mikokoteni miwili ya maji haipishani,
mmoja sharti urudi nyuma.

"Basi kila uinuapo mkono, kuta zasogeleana.
Umesuka miaka mingapi?"
Kumi na tisa.
"Mshipa umechubuka. Ndani yake damu imeganda donge.
Mkono haujakosa kitu, Zuwena.
Umevimba kwa kupokea."

Hilo nililibeba hadi nyumbani,
pamoja na vidonge vya kulainisha damu
na onyo la kutojikata.
Shangazi, aliposikia kuna siku ya kupasuliwa,
kwamba ubavu wenyewe utatolewa ili mshipa upumue,
akalia. Nikamtania:
Hawa alitoka ubavuni;
kwangu mimi, ubavu ndio utokao.
Akacheka, kisha akalia tena, zaidi.

Siku hizi mteja huketi chini kabisa, mkekani,
nami kwenye stuli, viwiko vikigusa mbavu.
Vichwa viwili kwa siku. Maharusi wengine wamehama,
siwalaumu.
Jioni nachukua uzi mweusi wa kusukia,
nauzungusha kilimbilini, napiga fundo
pale ncha zinapokutana.
Juzi fundo lilirudi nyuma, upana wa punje ya mchele.
Jana likasogea mbele.
Leo sijapima bado, chai ingali moto.

Bangili imo koponi, mdomo wazi,
kama mtu aliyekatizwa akisema.
Sijaipeleka kuungwa.